Saa ya Tukio na Saa ya Kufika: Uchambuzi wa Muungano wa Hifadhidata ya Mfululizo wa Wakati na Chombo cha Kuchakata Mtiririko

Katika mifumo ya kompyuta inayopokea vipimo bila kukoma, iwe ni volti za transfoma, kina cha mto au joto la jokofu la chanjo, kazi hugawanywa kwa kawaida baina ya zana mbili zenye tabia tofauti. Ya kwanza ni chombo cha kuchakata mtiririko, yaani programu inayosoma kila kipimo kinapowasili, ikakisafisha, ikakilinganisha na vingine na kutoa uamuzi papo hapo bila kusubiri data zote zikusanyike. Ya pili ni hifadhidata ya mfululizo wa wakati, yaani hifadhidata iliyoundwa mahsusi kwa ajili ya thamani ambazo kila moja ina saa yake, na ambazo husomwa zaidi kwa vipindi, kama vile jana, wiki iliyopita au mwezi huu ukilinganishwa na mwezi kama huu mwaka jana.

Kuziunganisha zana hizi huonekana kwa juu juu kuwa kazi nyepesi ya kupitisha data kutoka upande mmoja hadi wa pili, kwa kuwa viunganishi vilivyo tayari ni vingi na mistari michache ya programu hutosha kuona vipimo vya kwanza vikiingia. Ugumu hujitokeza baadaye, mtandao unapokatika, seva inapozimika au hesabu ya jana inapotofautiana na hesabu ile ile iliyofanywa leo. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba ugumu huo unatokana karibu wote na wakati, na kwamba muungano husimama imara pale tu pande zote mbili zinapokubaliana mambo matatu: saa ipi ndiyo saa ya kipimo, nani ana mamlaka ya kutangaza kwamba kipindi kimefungwa, na nini kifanyike kipimo kinapochelewa au kinapofika mara mbili.

Zana mbili, malezi mawili

Hifadhidata za mfululizo wa wakati zilikulia katika kazi ya kufuatilia afya ya mitandao na seva. RRDtool, iliyotolewa mwaka 1999 na Tobias Oetiker wa Uswisi, ilitunza vipimo katika faili lisiloongezeka ukubwa, ambamo vipimo vya zamani vilifupishwa kuwa wastani ili kuvipisha vipya. Prometheus, iliyoanzishwa mwaka 2012 ndani ya kampuni ya SoundCloud, InfluxDB iliyotoka mwaka 2013, na TimescaleDB iliyotangazwa mwaka 2017 kama nyongeza ya hifadhidata ya PostgreSQL, zote zilijengwa juu ya dhana zinazokaribiana na hiyo: kwamba kipimo kikishaandikwa hakibadilishwi mara kwa mara, kwamba vipya ndivyo vinavyoulizwa zaidi, na kwamba vya zamani vinaweza kufupishwa au kufutwa.

Dhana hizo ndizo zinazoruhusu data nyingi kutunzwa katika nafasi ndogo. Wahandisi wa Facebook walipoieleza hifadhidata yao ya Gorilla mwaka 2015, walionyesha kwamba kipimo chenye saa na thamani, ambacho kikiachwa kilivyo huchukua baiti 16, kinaweza kubanwa hadi wastani wa baiti 1.37, kwa sababu kinachoandikwa ni tofauti tu kati ya kipimo na kile kilichokitangulia, na kifaa kinachopima kila dakika bila kuyumba huwa karibu hakina jipya la kuandika upande wa saa. Hata hivyo, mbinu hii hustawi vipimo vinapofika kwa mpangilio, na kipimo kilichochelewa huilazimu hifadhidata ifungue upya kile ilichokwisha kukifunga. Kwa sababu hiyo Prometheus ilikuwa ikivikataa vipimo vilivyopitwa na zamu yao hadi toleo la 2.39 la mwaka 2022 lilipoanza kuvikubali kwa majaribio.

Zana za mtiririko zilipata malezi mengine. Kafka, iliyozaliwa ndani ya LinkedIn na kutolewa kwa umma mwaka 2011, ni daftari la matukio ambamo kila tukio huandikwa chini ya lililotangulia, hupewa nambari ya nafasi yake na hutunzwa kwa muda uliopangwa, ambao kwa mipangilio ya awali ni siku 7, hata kama limekwisha kusomwa. Flink, iliyotokana na mradi wa utafiti wa Stratosphere uliokuwa na makao yake Berlin, husoma daftari hilo na kufanya hesabu juu yake. Nadharia inayoiongoza kazi hii iliwekwa wazi mwaka 2015, wakati Tyler Akidau na wenzake wa Google walipochapisha kielelezo cha Dataflow, ambacho msingi wake ni kwamba data zisizo na mwisho haziwezi kungojewa zikamilike, na kwa hiyo kila mfumo hauna budi kuchagua kiasi gani cha ukamilifu, kasi na gharama unachokitaka. Kwa ufupi, hifadhidata ililelewa ikiamini kwamba vipimo hufika kwa zamu, ilhali chombo cha mtiririko kililelewa kikijua kwamba havifiki hivyo, na muungano wao ni mahali ambapo imani hizo mbili hukutana.

Mnyororo baridi kama uwanja wa mfano

Ili hoja isibaki hewani, inafaa kuifuata katika mfano mmoja ambao uzito wake unaeleweka na kila mzazi aliyewahi kumpeleka mtoto kliniki. Chanjo nyingi hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi kutoka kiwandani hadi zahanati, na msururu huo wa majokofu na makasha ya ubaridi ndio uitwao mnyororo baridi. Vifaa vya kurekodi joto kwa siku 30 vinavyotimiza viwango vya Shirika la Afya Duniani hutoa tahadhari joto linapozidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au linaposhuka hadi nyuzi 0.5 chini ya sifuri au zaidi ya hapo kwa dakika 60, kwa sababu baadhi ya chanjo, ikiwemo ile ya homa ya ini aina ya B, huharibika zikiganda, na chanjo iliyoharibika aghalabu haitambuliki kwa kuitazama tu.

Chukulia mtandao wa majokofu 6,000 ambayo kila moja linapima joto kila dakika na kutuma kipimo kwa mtandao wa simu. Kila jokofu litatoa vipimo 1,440 kwa siku, na yote kwa pamoja yatatoa vipimo 100 kwa sekunde, sawa na 8,640,000 kwa siku. Kwa baiti 16 kila kimoja, hizo ni takribani megabaiti 138 kwa siku, na kwa mgandamizo wa kiwango cha Gorilla zingekuwa takribani megabaiti 12. Huu si mzigo mkubwa kwa seva ya kawaida, na hilo ni jambo la kuzingatia, kwa sababu linaonyesha kwamba matatizo yanayochambuliwa hapa hayasubiri wingi wa data wa makampuni makubwa ndipo yatokee, bali huikuta hata idara ndogo yenye seva mbili.

Saa ipi ndiyo saa ya kipimo

Kila kipimo kina angalau saa mbili: saa ya tukio, yaani wakati kifaa kilipopima, na saa ya kufika, yaani wakati mfumo ulipokipokea. Mtandao ukiwa mzima, saa hizi mbili hupishana kwa sekunde chache na mhandisi asiye mwangalifu huzichukulia kuwa kitu kimoja. Hasara ya kosa hilo huonekana mtandao unapokatika. Ikiwa jokofu limekaa juu ya nyuzi 8 kwa saa 7, kisha mawasiliano yakakatika kwa saa 4 huku kifaa kikiendelea kupima na kuweka akiba, vipimo 240 vitawasili kwa mkupuo mara mtandao unaporejea. Mfumo unaofuata saa ya tukio utaona saa 11 mfululizo za joto na kutoa tahadhari inayostahili. Mfumo unaofuata saa ya kufika utaona saa 7, kisha pengo la saa 4, kisha dakika moja yenye vipimo 240, na kanuni ya saa 10 haitakuwa imevunjwa popote katika kumbukumbu zake.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya muungano ni kwamba saa ya tukio iandikwe na kifaa, ibebwe bila kuguswa katika hatua zote, na iwe ndiyo muhuri wa wakati unaoingia katika hifadhidata. Saa ya kufika nayo iandikwe, lakini kama thamani ya pembeni, kwa kuwa tofauti kati ya saa hizo mbili ni kipimo cha afya ya mawasiliano yenyewe.

Uamuzi huu ukishafanywa, hubaki maelezo madogo yenye uwezo wa kuuvuruga. InfluxDB hupokea data katika umbo la mistari ya maandishi, na mstari mmoja wa mfano huu ungesomeka hivi:

jokofu,wilaya=kilosa,kifaa=j0417 nyuzi=5.4 1700000000000000000

Neno la kwanza ni jina la kipimo, maneno yanayofuata baada ya mkato ni lebo, yaani sifa za kutambulisha chanzo, kisha huja thamani yenyewe, na mwisho ni muhuri wa wakati uliohesabiwa kwa nanosekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa ya ulimwengu, yaani UTC. Muhuri ulioonyeshwa hapa ni tarehe 14 Novemba 2023, saa 22:13:20 za UTC, ambayo Afrika Mashariki ilikuwa tayari tarehe 15, saa saba na dakika 13 usiku. Zana nyingi za mtiririko, Flink ikiwemo, huhesabu wakati kwa milisekunde. Ikiwa kiunganishi kitapeleka 1700000000000 bila kutaja kipimo cha wakati kilichotumika, matoleo ya kwanza na ya pili ya InfluxDB yatazisoma namba hizo kama nanosekunde, na joto la jokofu la mwaka 2023 litaandikwa kuwa lilipimwa dakika 28 na sekunde 20 baada ya kuanza kwa mwaka 1970. Iwapo hifadhidata imewekewa ukomo wa muda wa kutunza data, kipimo hicho kitakataliwa kwa kuwa kimepita ukomo, na iwapo haukuwekwa, kitakubaliwa na kulala mahali ambapo hakuna mtu atakayekitafuta.

Suala la UTC lina sura nyingine inayowagusa wasomaji wa eneo hili moja kwa moja. Madirisha ya siku nzima, yaani vipindi vya saa 24 ambavyo hesabu hufanywa ndani yake, hupangwa na Flink kuanzia usiku wa manane wa UTC, isipokuwa msanifu ameelekeza vinginevyo. Usiku wa manane huo ni saa tisa usiku Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, saa nane usiku Kigali, Bujumbura na Lubumbashi, na saa saba usiku Kinshasa. Taarifa ya "joto la juu la jana" iliyotengenezwa bila marekebisho ya saa 3 huchukua saa tatu za leo na kuacha saa tatu za jana, na haitalingana na daftari ambalo muuguzi hulijaza kwa mkono. Muuguzi huyo, aandikapo saa moja asubuhi, anamaanisha kile ambacho mfumo unakiita 04:00, na fomu ya kompyuta isiyotambua kwamba Kiswahili huhesabu saa tangu kuchomoza na kuzama kwa jua itaingiza kosa la saa 6 pasipo mtu yeyote kukosea.

Nani anafunga kipindi

Hesabu nyingi zenye manufaa hufanywa juu ya kipindi: wastani wa dakika 10, kiwango cha juu cha saa, urefu wa muda ambao mpaka ulivukwa. Chombo cha mtiririko kinahitaji kujua ni lini kipindi kimekamilika ili kitoe jibu, na kwa kuwa hakiwezi kujua kwa hakika, hutumia makadirio yaitwayo alama ya maji, yaani tangazo linalotembea ndani ya mtiririko na kusema kwamba matukio yote yaliyotokea kabla ya saa fulani yahesabiwe kuwa yameshafika. Msanifu akiweka subira ya dakika 5, alama ya maji hufuata nyuma ya kipimo kipya kabisa kwa dakika 5, na dirisha la saa nne hadi saa tano asubuhi hufungwa kinapoonekana kipimo cha saa tano na dakika 5.

Subira fupi huleta majibu ya haraka yenye mapengo, na subira ndefu huleta majibu kamili yaliyochelewa. Hakuna namba moja inayofaa kila mahali, lakini kuna njia mbili za kukosea ambazo hujirudia. Ya kwanza ni kusahau kwamba katika Flink, tukio linalofika baada ya alama ya maji kulipita dirisha lake hutupwa kimyakimya iwapo msanifu hakuweka muda wa nyongeza au njia ya pembeni ya kuyapokea yaliyochelewa, na vipimo 240 vya mfano uliotangulia vingepotea hivyo hivyo. Ya pili ni kusahau vizigeu vilivyonyamaza. Daftari la Kafka hugawanywa katika vizigeu, yaani sehemu zinazosomwa sambamba, na alama ya maji ya jumla hufuata kizigeu kilicho nyuma kuliko vyote, kiasi kwamba wilaya moja iliyokosa mtandao inaweza kuzuia hesabu za nchi nzima hadi Flink iambiwe waziwazi kwamba kizigeu kilichokaa kimya kwa muda fulani kisisubiriwe.

Hapa ndipo mgawanyo wa mamlaka unapohitajika. Hifadhidata nayo ina uwezo wa kukokotoa vipindi, na TimescaleDB, kwa mfano, hutunza majumuisho endelevu, yaani majedwali ya vipindi ambayo huhesabiwa upya sehemu zilizoguswa na data mpya au iliyochelewa. Iwapo chombo cha mtiririko na hifadhidata vyote vinakokotoa wastani wa saa ile ile, patatokea majibu mawili, na mtumiaji hatajua ashike lipi. Tofauti nyingine huzuka hata kwa jambo dogo kama jina la kipindi: Flink huliwekea zao la dirisha muhuri wa milisekunde ya mwisho ya kipindi hicho, TimescaleDB hukiita kipindi kwa mwanzo wake, na lugha ya Flux ya InfluxDB, isipoelekezwa vingine, hukiita kwa mwisho wake. Michoro miwili ya data zile zile hupishana kwa saa nzima kwa sababu ya mazoea hayo tu.

Mgawanyo unaoelekea kufaa zaidi ni huu: hukumu inayodai hatua ya haraka itolewe na mtiririko, ilhali muhtasari wa kihistoria ukokotolewe na hifadhidata kutokana na vipimo ghafi. Tahadhari ya jokofu haiwezi kungoja, na inahitaji kumbukumbu ya hali, yaani saa ngapi mfululizo mpaka umevukwa, ambayo chombo cha mtiririko huibeba vizuri. Ripoti ya mwezi inaweza kungoja, na inafaidika na hifadhidata inayoweza kurudi nyuma na kujisahihisha.

Pale ambapo mtiririko unalazimika kupeleka muhtasari badala ya vipimo ghafi, upeleke viungo vya hesabu na si wastani pekee. Ikiwa dakika 10 za kwanza zina kipimo kimoja cha nyuzi 4 kwa sababu mtandao ulisumbua, na dakika 10 zilizofuata zina vipimo 9 vyenye wastani wa nyuzi 9, wastani wa wastani hizo mbili ni nyuzi 6.5, namba ambayo ingemtuliza mtu yeyote. Jumla halisi ni nyuzi 85 kwa vipimo 10, yaani wastani wa nyuzi 8.5, ambao umevuka mpaka. Jumla, idadi, kiwango cha juu na cha chini zikiandikwa kila moja peke yake, vipindi vinaweza kuunganishwa baadaye bila kupotosha ukweli.

Kipimo kinapofika mara mbili

Mitambo huanguka, na namna chombo cha mtiririko kinavyoinuka ndiyo inayoamua usafi wa hifadhidata. Flink hupiga picha ya hali yake kila baada ya muda, kwa mbinu inayotokana na utafiti wa Chandy na Lamport wa mwaka 1985, na picha hiyo hujumuisha nambari ya nafasi iliyofikiwa katika daftari la Kafka. Seva ikizimika, Flink hurejea kwenye picha ya mwisho na kusoma upya matukio yote yaliyofuata. Ndani ya Flink hesabu hutoka sahihi, lakini hifadhidata ilikuwa imekwisha kupokea baadhi ya matokeo ya matukio hayo kabla ya ajali, na sasa inayapokea tena.

Dawa ya kwanza ni muamala wa hatua mbili, ambamo matokeo huandaliwa kwanza na kuthibitishwa pale tu picha ya hali inapokamilika. Flink iliiwekea njia hii msingi wa jumla katika toleo la 1.4 la Desemba 2017, miezi michache baada ya Kafka kupata miamala katika toleo la 0.11. Njia hii inahitaji hifadhidata yenye miamala inayoweza kuachwa wazi na kuthibitishwa baadaye, na hifadhidata nyingi za mfululizo wa wakati hazina miamala ya namna hiyo. Dawa ya pili, ambayo ni nyepesi na hutosha katika hali nyingi, ni uandishi usiodhurika kwa kurudiwa: kila rekodi hupewa utambulisho unaotokana na data zenyewe, kiasi kwamba kuiandika mara ya pili huleta hali ile ile iliyokuwepo.

InfluxDB hulifanya hili kwa maumbile yake, kwa sababu vipimo viwili vyenye jina moja, lebo zile zile na muhuri ule ule huhesabiwa kuwa kitu kimoja na thamani mpya huifuta ya zamani. Katika TimescaleDB msanifu huweka ufunguo wa kipekee, ambao sharti ujumuishe safu ya wakati, kisha huagiza kwamba panapotokea mgongano thamani isasishwe. Masharti ya njia hii ni matatu. Thamani inayoandikwa iwe kamili, si nyongeza, kwa kuwa agizo la "ongeza 1" likirudiwa huongeza 2. Hesabu ifuate saa ya tukio, kwa kuwa dirisha linalofuata saa ya kufika halitapangika vilevile mara ya pili. Na utambulisho uwe mpana vya kutosha, kwa kuwa jokofu lenye vihisi viwili, cha juu na cha chini, visivyotofautishwa kwa lebo, litakuwa na vipimo viwili vinavyofutana kila dakika bila onyo lolote.

Sharti la mwisho lina kinyume chake. Lebo zikizidi, hifadhidata hulemewa, kwa kuwa kila mchanganyiko mpya wa lebo huzaa mfululizo mpya wenye nafasi yake katika faharasa. Majokofu 6,000 yenye vihisi 2 yanatoa mifululizo 12,000, idadi inayobebeka kwa urahisi. Mtu akiongeza lebo ya nambari ya ujumbe, ambayo hubadilika kila dakika, siku moja itazalisha mifululizo kwa mamilioni. Lebo ni za kile kinachoulizwa na kisichobadilika ovyo. Kila kingine kiandikwe kama thamani.

Shinikizo na akiba

Hifadhidata haiandiki kwa kasi moja siku nzima. Kuna nyakati inapanga upya mafaili yake, nyakati watumiaji wanauliza maswali mazito, na nyakati imezimika kabisa. Chombo cha mtiririko kilichoundwa vizuri hupunguza mwendo wake kufuata mwendo wa hifadhidata, na upunguzaji huo hurudi hatua kwa hatua hadi kwenye usomaji wa daftari, jambo liitwalo shinikizo la nyuma. Hakuna kinachopotea, kwa sababu matukio yanasubiri ndani ya Kafka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika usanifu huu msemo huo unafaa kuchukuliwa kwa maana yake ya wazi: hifadhidata isilishwe moja kwa moja na vifaa, bali daftari la kudumu likae katikati, lenye muda wa kutunza unaozidi kwa mbali muda mrefu kabisa ambao hifadhidata inaweza kuwa nje ya huduma.

Akiba hiyo, hata hivyo, lazima ilipwe. Hifadhidata ikizimika kwa saa 6, vipimo 2,160,000 vitakuwa vimelimbikizana. Ikiwa uwezo wake wa kuandika ni vipimo 150 kwa sekunde huku vipya vikiingia 100, ziada ni 50 kwa sekunde tu, na limbikizo litachukua saa 12 kuisha, muda wote huo picha inayoonekana kwenye skrini ikiwa ya zamani. Kuandika kwa mafungu husaidia sana, na waundaji wa InfluxDB hupendekeza mafungu ya mistari 5,000 kwa toleo la pili, lakini funzo kubwa zaidi ni la usanifu: njia ya tahadhari isipite katika hifadhidata. Itoke kwenye chombo cha mtiririko na kwenda moja kwa moja kwa mhusika kupitia mkondo wake wenyewe, ili kuzimika kwa kumbukumbu kusiwe kuzimika kwa onyo.

Njia hiyo ya tahadhari inapaswa pia kutambua ukimya. Jokofu lililokatiwa umeme pamoja na kifaa chake halitumi kipimo cha joto kali; halitumi kitu. Hapo chombo cha mtiririko hutegemea saa ya ndani inayowekwa upya kwa kila kipimo kinachofika, na ambayo ikiisha bila kipimo kingine kuonekana huleta onyo la aina yake, tofauti na onyo la joto, kwa sababu hatua ya kuchukua nayo ni tofauti.

Kurudi nyuma

Kila mfumo hufikia siku ambayo kanuni yenyewe imebadilika, au imegundulika kwamba kihisi cha aina fulani kilikuwa kikisoma nusu nyuzi zaidi, na historia inahitaji kuhesabiwa upya. Muundo ulioitwa Lambda na Nathan Marz ulitunza njia mbili, moja ya mkupuo kwa historia na moja ya mtiririko kwa sasa, na gharama yake ilikuwa kuandika mantiki ile ile mara mbili na kuilinganisha daima. Mwaka 2014 Jay Kreps, mmoja wa waundaji wa Kafka, alipendekeza muundo wa Kappa, ambamo historia huhesabiwa upya kwa kulisoma daftari tangu mwanzo kwa programu ile ile ya mtiririko. Pendekezo hilo hufanya kazi pale daftari linapotunza ya kutosha. Siku 7 hazitoshi kuhesabu upya kumbukumbu za siku 30, na kwa hiyo vipimo ghafi vya muda mrefu hubaki katika hifadhidata au katika mafaili ya kumbukumbu, ambayo hulazimika kulishwa upya kwenye mtiririko.

Uwezekano wa kurudi nyuma hutegemea kila uamuzi uliojadiliwa hapo juu. Kama saa ya tukio haikutunzwa, mtiririko unaochezwa upya utaona miezi mitatu imetokea katika alasiri moja. Kama uandishi haudhuriki kwa kurudiwa, marekebisho huwa ni uandishi wa kawaida tu, na mfumo hauhitaji njia ya pekee ya kusahihisha makosa. Kama vipindi vilifungwa na pande mbili, marekebisho yatagusa upande mmoja na kuuacha wa pili ukisema la zamani.

Jaribio la muungano

Kutokana na hayo, muungano wa zana hizi haupimwi kwa kuona vipimo vya leo vikionekana kwenye mchoro. Hupimwa kwa kuchukua data za siku moja, kuzituma kwanza kwa mpangilio, kisha kuzituma tena zikiwa zimechanganywa, sehemu ikiwa imechelewa kwa saa 4, sehemu ikiwa imerudiwa, na katikati ya kazi chombo cha mtiririko kikazimwa na kuwashwa, hifadhidata ikasimamishwa na kuinuliwa. Majedwali ya mara ya kwanza na ya mara ya pili yakilinganishwa safu kwa safu na kukutwa sawa, muungano umekamilika. Yakitofautiana, tofauti yenyewe itaonyesha ni lipi kati ya mambo matatu halikuafikiwa.

Jaribio hilo ni la siku chache, na taasisi nyingi hulikwepa kwa sababu mfumo tayari unaonekana kufanya kazi. Ni vyema likadaiwa na wale wanaolipia mfumo kabla hawajaupokea, kwa maana muuguzi wa zahanati anayefungua jokofu asubuhi na kumchanja mtoto hana njia rahisi ya kujua yote yaliyotokea usiku ndani ya kichupa alichokishika, na kumbukumbu hiyo ya joto ndiyo anayoitegemea.